Gari la Viti Viwili

Daktari wa mifupa alisema wiki sita. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake, suruali imekunjwa hadi pajani, sijapewa dawa ya usingizi, sina homa, masikio yangu mazima. Alisema, "Wiki sita usikanyage klachi." Aliyekaa pembeni na mkoba wangu mapajani alikuwa mtoto wa kaka yangu, na masikio yake mazima vilevile. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akaniambia kwamba watu walielewa vibaya.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Huu mwaka wa thelathini na tatu natengeneza meno ya watu katika chumba cha nyuma cha kliniki, nta upande huu, plasta upande ule, jiko dogo la gesi katikati. Wapo wakubwa mjini wanaocheka kwenye picha kwa meno niliyoyasugua mimi, na wakinikuta barabarani wananipita kama mlingoti. Sina kinyongo nao, mtu hapendi kukumbushwa mapengo yake. Sikuolewa, sikuzaa, na wahenga walishasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi jiwe sikulitaka. Nilieleka gari.

Lilikuwa gari dogo jekundu la mbio, milango miwili, viti viwili, gia za mkono. Nililinunua kwa rubani mmoja aliyekuwa anahama, mimi nikiwa na miaka arobaini na minne. Siku naliingiza uani, kaka yangu mkubwa alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, halafu akauliza, "Wengine watakaa wapi?" Tunakaa ua mmoja, nyumba mbili tulizoachiwa na baba, yeye na familia yake kubwa, mimi ndogo. Wifi yangu akachungulia nyuma ya viti akakuta nafasi ya kuweka mkoba tu. Nikawaambia hapo ndipo utamu wake ulipo. Walidhani natania.

Maana mtu mwenye ndugu na asiye na watoto ana muda. Ndivyo wanavyoamini. Ana muda wa kupeleka wagonjwa kliniki, kuchukua watoto shuleni, kubeba magunia, masufuria na viti vya kukodi. Kabla ya hapo nilikuwa na gari la kawaida la milango mitano, na kwa miaka tisa sikuwahi kuliendesha peke yangu, labda kwenda kuweka mafuta, na hata huko kuna mtu angesema, "Basi nishushe hapo mbele." Kuniazima hawakuweza hata lile, wala hili jekundu, kwa sababu gia za mkono zilikuwa zimewashinda wote. Na hili hawakuweza hata kujipakia. Nikitoka getini, natoka mimi.

Watoto wa mtaani walilibatiza Kikaango, kwa vile lilivyokuwa chini na bapa, na saa saba mchana ndani yake ungekaanga yai. Tabu zake nazijua, sizifichi. Kila tuta lililikwangua tumbo, mpaka nikajifunza kuyapanda kwa upande, tairi moja moja, huku nyuma yangu watu wanapiga honi na kunitukania mama ambaye hawakumjua. Mvua ikinyesha lilivuja mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni juu ya goti langu. Kwenye foleni ya saa nzima, kanyaga, achia, kanyaga, achia, mguu wa kushoto ulitetemeka kama mtu anayeendesha cherehani. Likiharibika nilikuwa na fundi wangu, mzee mwenye maneno mengi kuliko spana. Kila mara aliinuka kutoka chini ya gari akanifariji, "Kifaa chenyewe hakipatikani, mama, lakini kipo kinachofanana nacho." Miaka kumi na saba nimeendesha vitu vinavyofanana.

Lakini Jumapili asubuhi, barabara ya kutoka mjini ikiwa tupu, unatoka gia ya pili kwenda ya tatu, unaachia klachi polepole mpaka unaisikia imeshika, na gari zima linakuja mkononi mwako. Kazi yangu mimi ni ya kusikia kwa ncha za vidole. Jino likizidi unene wa karatasi, mgonjwa hatafuni. Gari lile lilinijibu hivyohivyo, kwa vitu vidogo. Nilikuwa naimba humo ndani. Nina sauti mbaya kuliko mlango wa stoo, na nilikuwa naimba.

Kiti cha pili kilikuwa cha Kimbelembele. Huyo ndiye mtoto wa kaka, na jina hilo nilimpa mwenyewe akiwa na miaka minne, kwa sababu ukiita mtu yeyote nyumbani anaitika yeye. Alikulia mgongoni kwangu na baadaye katika kiti kile. Alipotimiza miaka ishirini nilimfundisha kuendesha, nyuma ya ghala la saruji, Jumamosi nane mfululizo. Alizimisha gari mpaka walinzi wa ghala wakawa wanahesabu kwa sauti. Alilia. Nikamwambia lia, lakini mguu usiutoe. Gia ya pili ya gari lile ilikuwa na kiburi, huwezi kuilazimisha, lazima uibembeleze, na Jumamosi ya nane aliiingiza huku anazungumza mambo mengine kabisa, hata hakujua kama ameiingiza. Nilimnunulia soda tukaketi kwenye boneti. Ukoo mzima, aliyeliweza gari lile baada yangu alikuwa yeye peke yake.

Akaolewa, akapata watoto wawili, wakapanga mtaa wa pili. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, leo yupo, kesho hayupo. Mimi nikafikisha sitini na moja, na goti la kushoto likaanza kulia kama kiti kibovu. Ndipo tukaenda kwa daktari wa mifupa, mimi na yeye, na daktari akasema alichosema.

Asubuhi ya upasuaji wa goti Kimbelembele alikuja na karatasi. Mimi nimeshavaa lile gauni la hospitali linalokuacha mgongo wazi mbele za watu, miwani yangu iko mkobani, na mkoba anao yeye. "Za bima, Shangazi. Hapa, na hapa." Nikaweka sahihi hapa na hapa. Nimemwogesha yule mtoto, nimemnyoa, nimemlisha. Ningesoma nini?

Nilirudi nyumbani siku ya sita, na magongo mawili. Walikuwa wamejipanga uani, kaka amevaa shati la kutokea. Mahali pa Kikaango palikuwa na gari jeupe la milango mitano, lenye utepe umefungwa kwenye vioo vya pembeni. Wakapiga makofi. Nikadhani kuna mgeni.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, na kaka akianza hivyo ujue amejiandaa tangu jana, "tulikaa kikao. Daktari amekukataza klachi. Tukaona hatuwezi kukuacha uhangaike na umri huu. Tumeliuza lile, tumechukua hili. Otomatiki. Unakanyaga tu, linakwenda lenyewe."

"Amenikataza wiki sita," nikasema.

Kaka akamwangalia binti yake. Binti yake akawa anarekebisha utepe.

"Sisi tuliambiwa klachi basi," wifi akasema. "Lakini hata hivyo, wifi, lile lilikuwa gari la mtu mzima kweli? Sasa tutapumua. Hata watoto utawachukua shuleni bila shida."

Alisema hivyo akiwa anafungua mlango wa nyuma kunionyesha, na huko nyuma kulikuwa kumeshafungwa kiti cha mtoto. Nikaelewa. Nilisimama juu ya magongo yangu mawili na kila kitu kikawa wazi, kana kwamba mtu amenisafishia miwani.

"Aliyelitoa hapa ni nani?" nikauliza. "Mnunuzi alijua kuliendesha?"

Mtoto mkubwa wa Kimbelembele, wa miaka sita, ndiye aliyenijibu, kwa furaha kabisa. "Mama aliliendesha, Bibi. Hakulizimisha hata mara moja."

Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani kilikuwa fahari. Kidogo tu, kabla ya hasira kuwahi. Halafu hasira ikaja na watu wake wote. Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa gongo, na chai waliyonipikia ikapoa uani.

Wiki sita nilizikaa. Kaka alikuja kila jioni na habari za maumivu yake mwenyewe. Wifi alileta chakula akisifu gari jeupe, namna linavyokaa kimya. Kimbelembele hakuja ndani, alikuwa ananiulizia mlangoni, anaacha matunda, anaondoka. Sikumwita. Wiki ya saba daktari alinikunja goti, akalinyoosha, akasema, "Nenda ukaendeshe unachotaka." Nilichokitaka hakikuwepo.

Jumapili ya wiki hiyo kaka akasema tuzindue gari. Yeye mbele, wifi nyuma na wale watoto wawili, ambao Kimbelembele aliwaleta asubuhi akaenda zake saluni. Ndiyo kwanza nimepona na gari limeshajaa. Nikakaa kwenye usukani. Sitaki kusema uongo, lilikuwa gari zuri. Ukikanyaga linakwenda, ukiachia linapoa, na halikuulizi kitu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekaa pale chini bila kazi kama mgeni aliyekuja mapema.

Karibu na makutano ya benki, taa ikageuka njano, lori likaniingilia kwa mbele. Sasa mtu aliyeendesha gia za mkono miaka thelathini na tano hafikirii katika hali kama ile. Mguu wa kushoto unakwenda wenyewe, kwa nguvu zote, mpaka chini, kwa sababu klachi ndivyo inavyokanyagwa. Ila pale chini klachi hakuna. Kuna breki, pana kama sahani.

Gari likasimama kama limegonga ukuta. Watoto walikuwa wamefungwa mikanda, wakapiga kelele tu. Wifi alikumbatia kiti changu kwa nyuma. Kaka, ambaye mkanda wake hufungwa akiona askari, alikwenda na uso kwenye dashibodi, na meno yake ya mbele, manne, kazi ya mikono yangu, yakaruka yakaanguka karibu na gia. Meno hayakuvunjika. Kazi yangu haivunjiki. Mdomo wake ndio uliopasuka.

Nilifungua kidroo cha mbele kutafuta kitambaa cha kumfuta damu. Kitambaa hakikuwemo. Kulikuwa na kadi ya gari. Jina lililoandikwa pale halikuwa langu, wala la kaka. Lilikuwa la Kimbelembele, majina yake yote matatu, yaliyoandikwa vizuri.

Kaka aliokota meno yake, akayashika kiganjani, akanyoosha mkono wa pili. "Lete ufunguo," akasema, mdomo umevimba. "Basi. Imetosha. Kumbe shida siyo klachi."

Nilieleza. Nilieleza habari ya mguu wa kushoto mpaka koo likakauka, kwamba dereva yeyote wa gia za mkono hufanya kosa lile siku za kwanza, na mwenzake humcheka yakaisha. Nani angenielewa? Hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kukanyaga klachi. Wifi aliitikia "ndiyo, wifi, ndiyo" kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa. Jioni ufunguo ukapewa mwenye kadi, na mimi nikaambiwa nitapelekwa popote nitakapo, niseme tu.

Jumatatu Kimbelembele akaja kunipeleka kliniki. Ilikuwa mara ya kwanza tuko wawili tangu hospitali. Tulipopita sokoni nikamwambia, "Siendi kazini. Nipeleke lilipo."

Hakuuliza nini. Akakata kona.

"Daktari alisema wiki sita," nikasema. "Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukawaambia klachi basi."

"Ndiyo, Shangazi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Uongo ningeuweza. "Na zile karatasi za bima?"

"Moja ilikuwa ya bima." Alikuwa anaangalia barabara. "Gari liko kwa jina langu kwa sababu Baba alisema likiwa kwa jina lako utaliuza, utanunua tena la viti viwili."

Hapo kaka yangu hakukosea, lakini sikukiri.

"Mimi nimekukosea nini, mwanangu?" nikamwuliza. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyopanga.

Tulipovuka reli akasema, "Nilipojifungua huyu wa pili, mume wangu yuko safari, nilikupigia uje unichukue hospitali."

"Nilikuja. Hata nusu saa haikuisha."

"Ulikuja na Kikaango. Muuguzi akakuuliza na huyu mkubwa atakaa wapi. Ukasema, basi wachukue teksi. Nikachukua teksi, Shangazi, na mshono, na mtoto mkononi, na mwingine ameshika gauni langu. Wewe ukatutangulia. Nilikuwa naliona gari lako mbele yetu njia nzima. Unapanda matuta kwa upande."

Nilitaka kusema kwamba kulikuwa na gari gani lingine. Nilitaka kusema nilifika kwanza nikawasha maji ya kuoga, na ni kweli niliwasha. Kila neno nililolishika lilikuwa na aibu yake. Lakini wizi ni wizi, na mtu akikuibia akiwa analia bado amekuibia.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia ungesema hapo ndipo utamu wake ulipo."

Akasimamisha gari mbele ya geti lililochorwa kamera kubwa. Alibaki ndani. Nikaingia peke yangu, bila gongo.

Aliyelinunua ni mpiga picha, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu na ndevu zilizochongwa kwa rula. Kikaango kilikuwa kimewekwa chini ya turubai, kimepigwa rangi upya, chekundu kupita kiasi. Wahitimu wanapigwa picha wakiwa wameegemea mlango, akanieleza, na maharusi wakikaa kwenye boneti. Haliendi popote. Kila wiki huliwasha betri isife, na akitaka kulihamisha kutoka kivulini kwenda kwenye ukuta mweupe, anaita vijana wanne wanalisukuma.

"Mimi ndiye niliyekuwa mwenyewe," nikamwambia.

Akanipa ufunguo kabla sijauomba. "Mama, nisogezee basi. Leo sijapata watu wa kusukuma."

Niliingia. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma, nikakirudisha. Nikakanyaga klachi mpaka chini, na goti langu jipya halikusema neno. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia polepole, nikaisikia inashika. Nililitoa kivulini, nikalizungusha ua mzima mara moja, ya pili ikaingia yenyewe, nikaliegesha ukutani, mkono mmoja wa mtu hauwezi kupita katikati. Sikuimba. Mpiga picha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili anacheka.

Nikamwuliza kama atauza. Akaniambia hapana, lakini kwa upole, ana oda hadi mwisho wa mwaka na wote wanalitaka hilo gari. Halafu akaegemea dirishani.

"Mama, nifundishe. Jumamosi mbili tatu tu. Nikijua, nitakuwa nakupitia kila Jumapili, unaendesha wewe, mimi nakaa pembeni. Tunakwenda nje ya mji, tunarudi."

Alimaanisha. Mtu aliyezoea kupima vitu vidogo anajua mtu anayemaanisha. Kila Jumapili, barabara tupu, na mimi kwenye usukani. Ningesema ndiyo tu. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, nimelishika kwa meno.

"Kufundisha niliacha," nikamwambia. "Yupo mwanafunzi wangu hapo nje, kwenye gari jeupe. Anajua kila kitu. Mwombe yeye."

Nikazima injini, nikamwachia ufunguo juu ya boneti, nikatoka. Pale nje Kimbelembele alikuwa ameshaninyooshea mkono kunifungulia mlango wa mbele. Nilifungua wa nyuma, nikasogeza kiti cha mtoto, nikakaa kama abiria wa teksi.

"Mbona huko, Shangazi?"

Nikamwambia nimechelewa kazini, aendeshe.